Tope au Vumbi kwenye Kigari cha Shangazi

Shangazi yangu anatengeneza meno ya bandia, na kitu anachokijua kuliko watu wote ni kuchafua. Wengi hawalijui hilo. Wanadhani kazi yake ni kufanya meno yawe meupe, mtu acheke kama tangazo la dawa ya mswaki. Wapi! Ukimpa mzee jino jeupe pepepe, kila mtu atajua ni la bandia kabla hata hajamaliza salamu. Kwa hiyo Shangazi analizeesha. Anachukua brashi yenye nywele chache kama masharubu ya paka, anaweka kahawia kidogo pale jino linapozama kwenye ufizi, kana kwamba chai ya miaka mingi imepita hapo. Anachora ufa mwembamba. Anasugua ncha, maana jino lililokula maisha yake yote haliwezi kuwa na ncha kali. Akimaliza, hulioni. Na sifa anayoitaka ni hiyo hiyo: usilione.

Mtaani wanamwita Bi Magego. Hajali. "Bora Magego kuliko Mapengo," anasema.

Niseme mapema kabisa: mkitaka jibu, hapa hamtalipata. Mimi mwenyewe nachukia hadithi inayoishia hewani. Hii nimeizungusha kichwani, nimeulizia, nimegombana na watu wazima wenye akili zao, na bado sijui. Lakini ilitokea, na ilitokea mbele yangu, kwa hiyo naisema.

Baba yangu ni kaka yake mkubwa Shangazi. Ujanani alikuwa anakaa kiti cha pembeni kwenye gari la mashindano. Mashindano yale ya barabara za udongo, magari yanapita moja moja, watu wamesimama juu ya kingo wanapiga kelele. Kazi yake ilikuwa kumsomea dereva njia kwa sauti, kwa sababu walikuwa wameshaipita kabla na yeye ndiye mwenye kichwa cha kukumbuka. Kona kali kulia. Daraja jembamba. Punguza. Fungulia.

Dereva alikuwa rafiki yake wa damu. Jina lake la mtaani ni Breki. Alipewa kwa sababu breki hakuwa anazitumia.

Gari lao lilikuwa dogo, milango miwili, taa za duara, jeupe, na mstari wa bluu katikati kuanzia boneti mpaka nyuma. Nimekua nikilisikia kama watu wengine wanavyosikia habari za babu. Katika mashindano yao ya mwisho, karibu kabisa na kumaliza, walifika kwenye kona moja wakatoka nje ya barabara na gari likalala mtaroni. Baba alivunjika mfupa wa bega. Breki aliacha meno ya mbele kwenye usukani. Gari halikurudi tena barabarani, na wao hawakurudi kuwa marafiki.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kesi yote iko hapa. Baba anasema mvua ilikuwa imenyesha, barabara ilikuwa tope tupu, na yeye alipiga kelele: "Pameloa, punguza!" Breki hakupunguza. Kwa hiyo kosa ni la Breki. Breki naye anasema halikudondoka hata tone. Barabara ilikuwa kavu, vumbi mpaka kwenye kope, na Baba alimsomea kona nyepesi wakati kona ilikuwa kali. Kwa hiyo kosa ni la Baba.

Kama ni tope, Breki. Kama ni vumbi, Baba. Basi. Kwa ajili ya hilo watu wazima wawili wameishi mtaa mmoja bila kusemeshana tangu kabla sijazaliwa. Wakikutana duka la dawa, mmoja anasoma maandishi ya chupa ya shira ya kikohozi kama anajiandaa na mtihani, mwingine anaangalia feni.

Halafu ikaja habari, kinyozi ndiye aliyeileta, kwamba Breki anahama. Binti yake anamchukua akakae naye, mji wa mbali. Baba aliisikia akiwa na sabuni nusu uso. Siku chache baadaye nikamkuta mezani na boksi la karatasi ngumu, juu yake picha ya gari la zamani la milango miwili. Ndani, vipande vya plastiki vimejipanga kwenye fremu zake kama mifupa ya samaki. Gari la mfano, la kujenga mwenyewe, la kukaa kwenye viganja viwili. Sijui alilitoa wapi.

"Mpelekee shangazi yako," akaniambia. "Yeye ana mkono. Mwambie alijenge liwe kama letu. Liwe kama lilivyokuwa siku ile, baada ya kutolewa mtaroni. Akimaliza ampe."

"Ampe nani?"

"Unamjua."

"Si umpelekee mwenyewe, Baba?"

"Mguu unaniuma."

Mguu huo huo ndio unaomtoa nyumbani kila asubuhi kwenda kubishana na muuza magazeti.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita tena. "Na mwambie asisahau tope."

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Mtu anahama, hamtaonana tena labda mpaka mazishi, unampelekea zawadi, na kwenye zawadi unaweka tope lililokufanya usimsemeshe? Hiyo ni zawadi au ni hukumu imefungwa kwenye boksi? Nilimuuliza. Akasema nisimchoshe.

Shangazi anafanyia kazi kwenye chumba kilicho nyuma ya kliniki ya meno. Ukuta mmoja wote ni taya. Taya za jasi, za juu na za chini, zimepangwa kwenye rafu kama watu walioacha kucheka ghafla. Kuna taa ya spiriti ya kuyeyushia nta, kuna mashine ya kusugua inayolia kama mbu mkubwa, na juu ya kila kitu, juu ya redio, juu ya kiti, juu ya mkate wake wa saa nne, kuna unga wa jasi. Yeye mwenyewe kufikia mchana anakuwa na nyusi nyeupe.

Alifungua boksi, akatoa karatasi ya maelekezo, akaikunja na kuiweka chini ya kikombe chake cha chai.

"Shangazi, hiyo ni ya kusoma."

"Mdomo wa mtu huja na karatasi? Niache."

Nilikaa pale siku nyingi kuliko nilivyopanga. Alikata vipande kwa kisu cha nta, akavisugua kwa msasa laini, akavijaribu kimoja kwa kingine kabla ya gundi, anakandamiza, anatoa, anakwangua kidogo, anarudisha, kama anavyofanya na meno ya mtu mwenye ufizi mkorofi. Vioo vya taa vilivyokuja na boksi alivitupa. Akatengeneza vingine kwa plastiki yake ya kazini, ile inayong'aa kama maji. Mikanda ya viti aliikata kwenye plasta ya kidonda. Namba ya mlangoni aliichora kwa mkono, huku amezuia pumzi.

Rangi ndiyo ilimchukua muda. Ile nyeupe ya kopo aliikataa. Aliweka mbele yake picha aliyoitoa Baba, picha moja tu, tena si ya rangi: gari limefungwa kamba, watu wanalivuta kutoka mtaroni. Akaitazama, akachanganya, akapaka kwenye kipande, akakikataa, akachanganya tena.

"Nyeupe ya gari hili," akasema mwishowe, "ni jino la mtu anayekunywa kahawa kavu."

Likapakwa rangi ya jino la mnywa kahawa. Na jamani, likawa gari. Lilikuwa jipya, safi, na la bandia kabisa. Hata mimi niliona. Lilikuwa linapiga kelele mbele ya macho kama lile jino jeupe mdomoni mwa mzee.

"Sasa tulizeeshe," akasema Shangazi. Akashika brashi. Akaiweka chini. "Tope la wapi lakini? Zito au jepesi? Lilikauka au lilikuwa bado bichi? Baba yako hajasema."

Nilikuwa natafuta jibu wakati mlango ulipogongwa, akaingia Breki mwenyewe. Mzee mrefu, shati limenyooshwa, mkono mmoja umeziba mdomo na mwingine umeshika kitambaa. Kumbe yeye ni mgonjwa wa Shangazi miaka yote. Meno yale yaliyobaki kwenye usukani, Shangazi ndiye aliyemtengenezea mengine, na kila yakichoka anamtengenezea tena. Baba anajua. Halisemi.

"Mdogo wangu," Breki akasema kwa nyuma ya kiganja, "usinicheke."

Akafungua kitambaa. Meno ya mbele, yamekatika katikati.

"Umefanya nini tena, kaka?"

"Nilikuwa nafunga maboksi ya kuhama. Kamba ilikuwa ngumu, mkasi siuoni..."

"Ukakata kamba kwa meno? Haya niliyokutengenezea mimi, kwa mikono yangu hii?"

"Mazoea."

"Mazoea ya nini? Wewe una meno ya mbele ya kwako? Ulizoea wapi?"

Akacheka, kiganja kikateleza, na hapo akaliona gari. Lilikuwa juu ya meza, kati ya taya mbili. Hakuuliza ni la nani wala nani ameagiza. Aliinama mpaka pua ikakaribia kioo cha mbele. Mashine ilikuwa imezimwa na mimi nilikuwa namsikia anavyovuta pumzi.

"Mstari ulikuwa na pengo hapa," akasema, akaonyesha nyuma ya paa kwa ukucha. "Kopo la bluu lilituishia. Tulikuwa vijana, hatuna kitu."

Shangazi akachukua kisu akakwangua pengo pale pale. Halafu akauliza, sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa: "Nataka kulichafua, kaka. Niweke nini?"

Breki alisimama wima. "Vumbi. Kavu. Lilikuwa linaingia mpaka chini ya ulimi. Mwenye kusema kingine..." Akanitazama mimi. Ananijua mimi ni mtoto wa nani. Akafunga mdomo, akaufunika na kiganja, akaaga.

Alipotoka, Shangazi alishika kichwa. "Mmoja anataka tope, mwingine vumbi. Nikiweka tope nimemwambia huyu mzee, ambaye anaondoka, kwamba aliwaharibia. Nikiweka vumbi nimemwambia kaka yangu mwenyewe. Baba yako amenitafutia nini mimi? Mimi ni fundi meno!"

"Weka safi. Usilichafue."

"Safi! Nitoe kazi safi kwenye mikono hii?" Alikasirika kweli.

Kisha akafanya kitu anachofanya kazini. Anasema mgonjwa haulizwi rangi ya jino lake. Mgonjwa ataongopa, hata bila kujua. Kila mtu anadhani meno yake yalikuwa meupe zaidi. Unaangalia jino la jirani. Lile lililobaki halidanganyi. Basi akachukua picha, akaacha kuliangalia gari, akaweka lenzi yake kwenye miguu ya wale watu wanaovuta kamba.

"Njoo uone. Viatu vya huyu. Vipi?"

Niliangalia. Viatu visafi, suruali safi mpaka chini.

"Mtu anavuta gari mtaroni kwenye tope na kiatu chake kiko vile? Ni vumbi."

"Na huyu je?" nikauliza. Nyuma kabisa kulikuwa na mwingine, pekupeku, suruali ameikunja mpaka magotini. "Huyu amekunja suruali kwa nini kama ni pakavu?"

Shangazi alimtazama yule mtu kwa lenzi kwa muda mrefu. "Labda ndivyo anavyovaa," akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayejiuliza. Tukamtazama wote wawili. Huyo mtu amenikera mpaka leo. Anavuta kamba, anacheka, magoti wazi, hasemi kitu.

Akachagua viatu. Akachagua vumbi. Nikamuuliza Baba atasema nini.

"Baba yako ana mdomo, atasema anachotaka. Mimi nafuata jino la jirani."

Lakini nilimjua. Mkono wake ulikuwa unasita. Baba ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Ndiye aliyemlipia hata hayo mafunzo ya meno. Kumwambia Baba kwamba kosa lilikuwa lake, tena kwa brashi, halikuwa jambo dogo.

Vumbi hakulinunua. Alizoa ule unga wa jasi uliokuwa chini ya meza yake, wa manjano na mweupe, akauchanganya na unga kidogo wa rangi ya ufizi ili upate wekundu wa udongo. Kwanza alipaka rangi nyeusi nyepesi kama maji, ikakimbilia kwenye mifereji ya milango ikatulia pale. Akagonga gonga kingo kwa kipande cha sponji ili rangi ionekane imemenyuka. Kisha akalinyunyizia lile vumbi, akalipuliza, akalinyunyizia tena, zaidi nyuma, zaidi chini, na kwenye kioo akaacha maduara mawili ya kuchungulia. Alipomaliza, nilitaka kukohoa. Nasema kweli. Gari la plastiki, na koo likaniwasha.

Likawekwa kwenye trei pamoja na meno ya Breki, ambayo yalikuwa yamebaki kumaliziwa. Breki aliambiwa aje Jumamosi achukue meno. Gari angepewa hapo hapo. Baba hakutakiwa kuwepo.

Baba akaja. Jumamosi asubuhi nilimkuta ameshavaa viatu. "Nikaangalie tu," akasema. "Nijue kazi imetokaje. Halafu naondoka." Nilijaribu kumzuia kwa uongo wa kijinga na wa haraka, eti kliniki imefungwa, akanipita kana kwamba naongea na mlango.

Shangazi alipotuona alifungua macho hivi. Trei ilikuwa juu ya meza imefunikwa kitambaa. "Kaka, rudi nyumbani. Nitakuletea."

"Nimetembea na mguu huu mbovu halafu nirudi? Funua."

"Mguu umepona lini?"

"Funua, bwana."

Na mlango ukagongwa.

Breki aliingia na kiganja mdomoni, akamwona Baba, akasimama. Baba alitazama taya zilizo ukutani. Kliniki haina chupa ya shira ya kikohozi. Hakuna feni. Chumba ni kidogo, ukisogea unagonga mtu. Hakuna aliyetoka, nadhani kwa sababu ili mmoja atoke ilibidi ampishe mwenzake, na kupisha ni kama kusemeshana.

"Haya," Shangazi akasema. "Mmekuja wenyewe. Mimi sikuwaita pamoja. Nilichokiona ndicho nilichokiweka." Akavuta kitambaa.

Lilikuwa tope.

Sijakosea kusema. Nililiacha na vumbi, sasa lilikuwa tope. Bichi, jekundu, linang'aa, limeganda ubavuni na kuchuruzika kwenye magurudumu, kama mtu amelitoa mtaroni dakika hiyo. Hata kile kioo kilikuwa na unyevu. Nikamtazama Shangazi. Shangazi alikuwa ametoa macho kuliko mimi.

Breki akasogea. Aliinama, pua kwenye kioo, kama siku ile. Mkono wake ukashuka kutoka mdomoni, akasahau kuurudisha.

"Palikuwa na maji," akasema.

Akaangalia upande wa pili wa gari.

"Mimi miaka yote nasema vumbi. Naliona vumbi, nikifumba macho naliona. Lakini huyu mdogo wangu hajawahi kunikosea hata jino moja. Kama yeye ameona tope, ni tope." Akanyooka, akageuka, na bila meno ya mbele maneno yake yalikuwa yanatoka na upepo. "Uliniambia nipunguze. Sikupunguza. Nimekuvunja bega na nikakuita mwongo. Basi. Nimesema."

Jamani, nilimtazama Baba nikitegemea sherehe. Neno alilolingoja maisha yangu yote limemfikia, tena kutoka kwa mwenyewe. Baba alitafuta kiti, akakaa juu ya mkate wa Shangazi.

"Nilikwambia?" akauliza.

"Si unasema ulisema? Pameloa, punguza."

"Nasema nilisema, ndiyo." Alikuwa anaongea na sakafu. "Lakini nimelisema mara nyingi mno baadaye. Hospitalini, nyumbani, kwa kinyozi. Sasa sijui kama siku ile yenyewe nililisema. Nikitafuta, nasikia sauti yangu ya kwa kinyozi."

"Subirini kwanza," Shangazi akasema. Alikuwa ameligusa gari kwa ncha ya kidole. Akanusa kidole. Akafumba macho kama mtu aliyekumbuka ametoka bila kuzima jiko. "Hili si tope. Niliweka vumbi. Huyu mtoto shahidi. Asubuhi nilikuwa namalizia meno yako, nikayapaka vanishi, na mkono ukaendelea tu. Nimelipaka vanishi ya meno! Ndiyo imelowesha vumbi lote."

"Sasa gari unalipaka vanishi ya nini?" Baba akauliza.

"Kwa sababu ya mate!"

"Mate?"

"Mdomo una mate, kaka! Kila kitu ninachomaliza mimi kinaenda kukaa kwenye mate. Lazima kionekane kimelowa. Miaka yote hii mkono unamalizia hivyo, ningejuaje kama utafanya na gari?"

Mimi nikajisemea sasa ndiyo mwisho, sasa watarudi kila mtu upande wake, Breki ataondoka na hasira mpya juu ya ile ya zamani.

"Kwa hiyo uliona vumbi," Baba akamwambia Shangazi polepole. "Kwenye picha."

"Viatu vilikuwa visafi. Nisamehe, kaka."

"Basi ni vumbi. Kosa langu. Nilikusomea kona vibaya," akamwambia Breki.

"Acha hizo," Breki akasema. "Ni tope."

"Si amekwambia ni vanishi!"

"Mimi nimeliona tope, nimelikumbuka. Nilihisi gari linateleza nyuma. Kwenye vumbi haliendi vile."

"Kwenye vumbi linaenda vile vile! Tena mimi nilikuwa nakohoa!"

"Ulikuwa unakohoa kwa sababu nilikuvunja mfupa!"

"Usinivunjie heshima, mfupa nilivunjika mwenyewe kwa kusoma kona vibaya!"

Nawaapia, walikuwa wamesimama kifua kwa kifua, wanagombea kosa kama watu wanaogombea kulipia chai. Nikaingilia. Nikasema, kwani siku ile ilinyesha au haikunyesha? Swali rahisi. Wote wawili wakageuka wakanitazama kana kwamba nimeingia bafuni bila kugonga.

"Wewe hukuwepo," Baba akasema.

"Nyinyi mlikuwepo na hamjui!"

"Mtoto wako ana mdomo mrefu," Breki akamwambia.

"Kamrithi shangazi yake."

Shangazi alisema atalisafisha, atalikwangua lote aanze upya, wampe wiki moja tu na wamwambie ni kipi. Wakasema "acha" kwa pamoja, kwa ukali, mpaka akarudi nyuma. Kisha Breki akavaa meno yake mapya, akayagonga gonga kujaribu, na alipotabasamu sikuyaona. Yaani niliona mzee anatabasamu, basi.

Gari lilifungwa kwenye pamba, kwenye boksi la kusafirishia meno. Baba ndiye aliyelibeba mpaka kwa Breki, na ule mguu wake, na huko akabaki kufunga maboksi mpaka jioni. Alirudi na kamba imemkata viganja. Nilimuuliza wamekubaliana nini. Akasema, "Kuhusu nini?"

Breki alihama. Sasa wanapigiana simu, na mimi nasikia upande mmoja tu, isipokuwa Baba akichoka kushika simu anaiweka spika mezani. Juzi ilikuwa spika.

"Gari lako nimeliweka juu ya kabati," Breki anasema. "Binti yangu haruhusiwi kuligusa. Sasa limeanza kushika vumbi."

Baba akaruka kutoka kwenye kiti. "Usilifute! Si nilikwambia? Vumbi!"

"Hili ni la huku, bwana. Si la kule."

"Vumbi ni vumbi. Na chini ya matairi?"

Tukasikia kiti kinavutwa, mzee anapanda juu ya kitu ambacho bila shaka binti yake amemkataza kupanda. Tukamsikia anapumua, pua kwenye kioo.

"Chini bado tope," akasema.

"Angalia vizuri."

"Naangalia."

Baba akavuta kiti chake karibu na simu, akakaa kumsubiri.